Ndala kwa Ajili ya Mvua

Tulipohamia Rwamgasa tulipanga chumba cha mabati, kuta mpaka paa, na waya wa umeme wa mwenye nyumba ulipita juu ya paa hilo ukiwa umechubuka. Mvua ikinyesha, ukigusa mlango unapigwa shoti. Nilipomlalamikia mwenye nyumba alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, fundisha watoto. Umeme hautaki mchezo."

Basi nikafundisha. Wapangaji wote tulifundisha: mvua ikinyesha usikanyage chini bila ndala, na mlango usiushike kwa mkono, usukume kwa mpini wa fagio. Binti yangu aliyajua hayo kabla hajajua kuandika jina lake. Wageni walimsifu kwa akili zake, nami nikaitikia asante huku moyo unachemka, maana fundi angeubadilisha waya ule asubuhi moja na kabla ya chai akawa amemaliza.

Sasa tunaishi Kalangalala, nyumba ya matofali, mlango wa mbao. Binti yangu ni msichana mkubwa, lakini mawingu yakitanda tu anatafuta ndala.

Juzi nilirudi Rwamgasa kumjulia hali jirani yetu wa zamani. Waya ni uleule. Mwenye nyumba alikuwa anamwonyesha chumba chetu mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, na yule mama akauliza kuhusu umeme.

"Haujawahi kumdhuru mtu," akamwambia. "Watoto wa hapa wana adabu."