Nyimbo Kumi za Kuaga

Kila asubuhi, kabla ya chai, mwimbaji hupaka ndevu zake rangi nyeusi kwa mswaki mkuukuu, kisha huketi barazani na gitaa lake la roki na kuanza kuimba uzee. Albamu yake ina nyimbo kumi, na katika zote kumi anakufa. Katika wa tatu anamwita Mauti shemeji yake. Katika wa saba anajichagulia kaburi penye upepo wa ziwa. Lakini mazishi yakipita barabarani, huingia ndani na kufunga dirisha. Anayemchapia maneno ya nyimbo ni Mwanvua, msichana anayeona haya hata kuomba chumvi mezani. Baba yake alimpigia mwimbaji huyu ngoma miaka thelathini. Sasa amelazwa hospitali, na kila jioni huuliza kama rafiki yake amefika. Siku ile Mwanvua alimaliza kuchapa mstari wa “Karibu, Mauti, tule sahani moja,” akainua macho kumtazama mwimbaji, ambaye humwita Papa kwa heshima.

“Papa, utaenda siku gani kumuona baba?”

Mwimbaji alifuta rangi iliyomchuruzika shingoni.

“Sitaenda, mama. Niko naogopa.”