Kabla Gari Haijasogea

Mwanangu, mie hakuna kitu cha kunishtua. Skuli niliacha darasa la sita, na leo nna duka la kutengeneza viyoyozi hapa Bawshar na vani tatu, zote kwa jasho langu. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka Ijumaa moja.

Breki za mbele za vani zilikuwa zinalia. Nikanunua diski na brekipedi mpya. Wafula, fundi Mkenya wa gereji ya jirani na duka langu, akataka riali kumi kuzifunga. Nikacheka. Nitafunga mwenyewe nyumbani.

"Sawa, mzee. Lakini ukimaliza, kanyaga breki mara kadhaa mpaka..."

"Wafula! Mie nafungua magari wewe hujazaliwa!"

Akarudi kwenye kazi yake. Laiti ningemwacha amalize.

Ijumaa asubuhi nikaipandisha vani jeki, nikatoa za zamani, nikazisukuma pistoni za breki ndani ili pedi mpya, maana ni nene, zipate nafasi. Kazi safi, wallahi. Tairi la mwisho nalikaza, adhana hiyo, nikakimbilia kukoga niwahi msikitini. Mke wangu Zuwena kila Ijumaa humpeleka mama kwa dada yangu, mtaa wa Al Khoudh. Vani ilikuwa imeziba gari yake, basi akachukua hiyo hiyo.

Nna sabuni machoni, nikamsikia Zuwena: "Breki hamna! Baba Said, breki hamna!"

Nyumba yetu iko kwenye mteremko, mwanangu. Nikatoka na kikoi, miguu mitupu. Vani inashuka kinyumenyume, mama kiti cha mbele kapakata mkate wa kumimina, midomo inacheza, anasoma dua. Hapo ndipo nilipojua Wafula alitaka kusema nini. Pistoni zikiwa zimerudi ndani, pedi hazigusi diski, na mkanyago wa kwanza unakwenda bure.

"Kanyaga tena! Tena! Usiache!"

Mara ya nne ikashika. Lakini vani ilishaligonga lango la jirani wa ng'ambo likapinda, na barabara kubwa ilikuwa chini kidogo tu.

Mama akashuka mzima, na mkate wake mzima. Akaniangalia na mapovu yangu kichwani.

"Kufunga umejua, Salim. Kujaribu ulimwachia nani? Mimi?"

Msikitini siku ile khutba sikuisikia. Nilikuwa naiona vani, inashuka, inashuka, haisimami.

Basi nisikilize. Ukifunga breki, kabla gari haijasogea hata shubiri, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu, kisha ijaribu wewe mwenyewe kwanza, polepole, pahala tambarare. Na anayekwambia neno mwache alimalize, hata akiwa mdogo wako, hata ukiwa unajua. Mie nilikuwa najua. Mungu akulinde wewe na kila unayempakia, akurudishe kwenu salama kila safari.

Fundi alitaka riali kumi. Lango la jirani lilinitoa riali mia moja na themanini na saba, na baisa mia tano, yaani na nusu riali juu yake.