Nilivyoupoteza wimbo wa babu ndani ya kaseti ya gemu

Wakuu, amani kwenu nyote. Na nyinyi mnaosoma kimya kimya bila hata kugonga like, amani pia, japo hamstahili.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Mji Mkongwe, na sijaongeza chumvi. Ningetaka kuongeza ningejipamba, na mtaona sikujipamba. Anayeona ni chai apite, nyuzi za mapenzi zipo kule juu zinamfaa.

Kwanza niwaeleze chiptune ni nini, maana nawajua, mtajaza comment za "mkuu fafanua".

Ni muziki unaotengenezwa kwa sauti za gemu za zamani. Ile milio ya tii-tii-tuu. Unachukua gemu ya mkononi, ile ya kijivu ya Kijapani yenye kioo cha rangi ya maji ya mchicha, unachomeka kaseti yenye program maalumu, na gemu inageuka ala ya muziki. Ina sauti nne tu. Huna pa kujificha.

Hapa Unguja tunaofanya mambo haya hatujazi hata baraza moja. Na mimi nilijiona ndiye mkubwa wao.

Niliwadharau wote. Hoteli moja kule Nungwi iliniita nikapige, meneja akaniuliza kama gemu inaweza kutoa "ngoma za porini". Porini, Nungwi! Nilifunga begi nikaondoka bila kunywa juisi yao.

Lakini niliyemdharau kupita wote ni Hitesh. Baba yake ana duka la swichi, balbu na nyaya pale Mkunazini, na tulisoma sekondari moja. Yeye hutengeneza muziki huu huu kwenye laptop, kwa software inayoiga sauti za gemu. Nilikuwa nikimwita fundi wa photocopy, tena mbele za watu. Yeye hucheka tu, na hilo lilizidi kuniudhi.

Sasa babu.

Babu yangu mzaa mama alipiga ganuni miaka mingi katika klabu ya taarab. Ganuni ni kile kinanda cha nyuzi nyingi kinachopakatwa mapajani. Kila alasiri, kabla ya kwenda klabu, alikaza nyuzi zake nyumbani, na akimaliza alipiga kipande kifupi kuhakikisha zimekaa sawa. Hakifiki hata dakika mbili. Hakina jina wala maneno. Hakikuwahi kurekodiwa, kwani nani anarekodi mtu anayejaribu nyuzi?

Alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Ganuni ikafunikwa shuka.

Mimi nikapata wazo la kukiingiza kile kipande ndani ya gemu. Nikampelekea, nikamsikilizisha kidogo milio yake.

"Hiki kidude kinalia kama mbu kaingia kwenye kopo," akasema.

Kiburi changu sikukiokota barabarani, wakuu. Nimerithi.

Tatizo ni hili. Muziki wa kina babu una sauti zinazokaa katikati, baina ya kitufe na kitufe cha piano. Gemu haizijui hizo. Inabidi uivute kila noti kwa namba, kidogo kidogo, mpaka ifike. Basi miezi minne, kila baada ya sala ya alasiri, yeye alilala pale kitandani kwake akiimba kwa mdomo uliopinda, mimi nikisogeza namba.

"Bado."

"Hapa, babu?"

"Ushapita. Rudi. Mbona wenda mbio kama unafukuzwa?"

Noti zilizotusumbua zilikuwa kumi na moja. Kila moja ilipokaa sawa alisema neno moja tu: "Hapo." Sijawahi kupewa sifa nikafurahi vile.

Tulizimaliza zote. Haukupita mwezi babu akafariki, Mungu amrehemu. Ikabaki kaseti.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mama alikuwa akiniambia, "Hebu niwekee ya baba." Anasikiliza amefumba macho, wala hajali mbu wala kopo.

Siku moja sisi wa chiptune tukaalikwa kupiga kule Tunguu, mbele ya wanafunzi wa chuo. Nikapiga cha babu. Hitesh alikuwa amekaa mbele kabisa, simu juu, anarekodi. Nilipomaliza akanifuata.

"Yakhe, hii nzuri mno. Nipe faili lake nikuwekee nakala."

Faili! Nilimcheka mpaka wanafunzi wakageuka.

"Muziki wa kweli unakaa ndani ya kaseti," nikamwambia. "Na hiyo video ifute. Sasa hivi, nnakuona."

Nikamsimamia mpaka akaifuta. Nikamwambia afute na kule kwenye takataka za simu, akafuta. Nilijiona mkubwa sana siku ile, nakumbuka hata nilivyosimama.

Yeye akasema taratibu, "Nshafuta. Lakini kaseti hizo zina betri ndani, ikifa na wimbo umekufa. N'na kifaa cha kunakili. Njoo dukani, dakika tano."

Babu yangu aingie kwenye laptop ya muuza balbu? Sikwenda.

Baada ya miezi, gemu ikaanza kusahau mambo. Nikajua betri ya kaseti inakwisha. Kuna ujanja wa kuibadilisha betri hiyo gemu ikiwa imewashwa, ili umeme wa gemu yenyewe uendelee kushikilia kumbukumbu wakati betri haipo. Mafundi simu wa Darajani niliwahi kuwacheka humu humu jukwaani kwamba hawaujui. Uzi bado upo, katafuteni mkanicheke.

Hitesh aliusoma. Akanitumia ujumbe: weka betri mpya kwenye gemu yenyewe, usiichomeke ukutani. Nikamjibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka.

Nikaichomeka ukutani.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Betri ya zamani ya kaseti nimeshaitoa. Mpya iko kwenye kibano. Pasi ya kulehemu imeshapata moto.

Umeme ukakatika.

Hapa ndipo waandishi wenu wa humu huandika "nilihisi dunia imesimama". Dunia haikusimama. Jirani aliendelea kukuna nazi. Kioo cha gemu kilizima tu, na feni likapunguza mwendo mpaka likatulia.

Umeme uliporudi nikawasha. Program ikafunguka safi, kama siku niliyoinunua. Ndani hamna kitu.

Nililia, wakuu. Chekeni.

Ijumaa tatu nilimdanganya mama kwamba gemu iko kwa fundi. Ya nne akasema, "Kama imeharibika niambie. Mimi si mtoto."

Nikamwambia.

Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo alikuwa ameshaviosha.

Ndipo nikaenda Mkunazini. Hitesh hakunicheka, na afadhali angenicheka. Video alikuwa ameifuta kweli. Mtu gani mwaminifu kiasi hicho? Lakini siku ya pili baada ya Tunguu, kwa vile kipande kilimganda kichwani, alikaa akajaribu kukitengeneza kwa kumbukumbu kwenye laptop. Akanipigia nikisikie.

Kilikuwepo chote. Isipokuwa zile noti kumi na moja, kila moja imeangukia kwenye kitufe cha karibu. Kikasikika kama mlio wa simu. Nikafungua mdomo nimdharau, mazoea tu.

"Basi rekebisha wewe," akasema. "Sikio unalo."

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikasogeza namba, nikaona ndiyo hiyo. Nikasogeza tena, nikaona ndiyo hiyo. Miezi minne yote sikio lilikuwa la babu, na mimi nilidhani ni langu.

Siku iliyofuata nikaja na mama. Baba yake Hitesh akatoka nyuma ya kaunta, "Karibu Bi Zuhura," akampa kiti katikati ya maboksi ya balbu. Mama alikulia ndani ya nyumba ya babu, akikisikia kile kipande kila alasiri. Hitesh akashika laptop. Mimi nikaambiwa ninyamaze.

"Bado," mama akasema.

"Hapa, Bi Zuhura?"

"Ushapita. Rudi, mwanangu."

Maneno yale yale. Nikageukia rafu za nyaya, nikajifanya nasoma bei.

Siku tatu tulikwenda. Zikapatikana noti kumi, na "Hapo" zote kumi aliambiwa Hitesh. Ilikuwa haki yake, na iliniuma.

Ya kumi na moja ndiyo inayofunga kipande. Mama akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hiyo siijui. Akifika hapo mimi nshatoka, nakwenda kumwekea viatu mlangoni. Kila siku hivyo."

Tukaiacha wazi. Sikutaka kubahatisha, nimeshabahatisha vya kutosha.

Funzo, kwa wale mnaoruka mpaka mwisho: wekeni nakala. Na yule unayemcheka kila siku, hebu msikilize mara moja kabla hujamjibu. Mimi maneno yake matatu yangeniokoa, na yote matatu niliyadharau.

Kama mzee wako alikaa klabu za taarab za mjini enzi zile, akawa anamkumbuka mpiga ganuni aliyekuwa akijaribu nyuzi kwa kipande kifupi, tafadhali aandike hapa. Nahitaji noti moja tu. Na wanaokuja kuniita mjinga karibuni pia, ila mmechelewa.

Wimbo sasa una nakala nne: laptop ya Hitesh, simu ya mama, na flash mbili dukani. Zote zinakatika mahali pamoja.

Ijumaa mama bado anausikiliza, amefumba macho. Unapokaribia mwisho huyafumbua, akainuka, akaelekea mlangoni.