Kuomba Radhi Kabla ya Salamu

Miaka ya tisini, katika shule yetu karibu na Kiptere, mwalimu wa Kifaransa alikuwa na sheria moja: aliyechelewa asimame mlangoni, aombe radhi kwa Kifaransa, ndipo aingie. Tulimwita Madame. Alikuwa binti wa wafanyabiashara Wakikuyu wa Kericho mjini.

Mimi nilichelewa karibu kila siku, maana baba hakuniachilia kabla sijachuna safu mbili za chai. Basi nikawa bingwa. Excusez-moi, nisamehe. Je suis désolée, nasikitika. Je suis en retard, nimechelewa. Niliyasema yote kwa pumzi moja, matope mpaka magotini, na bado yalinichanganya. Kwetu mtu akifika husalimia kwanza, kila mmoja kwa mkono, kisha huuliza mvua na mifugo. Ukianza na "nisamehe" kabla ya salamu, watu hudhani umeleta habari za msiba. Hawa Wafaransa walikuwa watu wa namna gani?

Muhula wa pili Madame alichoka nami. Baba aje aeleze, akasema, la sivyo nihamie darasa la Kilimo. Nililia. Chai na matope nilikuwa navyo nyumbani. Nilitaka somo moja tu lisilo na jembe.

Baba alikuja Ijumaa na koti lake la kanisani, mkononi kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akamsalimia Madame kwa mikono miwili.

"Habari ya masomo, mwalimu? Mvua iko kwenu? Yetu ni mingi. Ng'ombe imezaa, ndama jike."

Madame akajibu, akangoja. Baba akauliza hali ya wazazi wake, akampa kibuyu, akaaga, akaenda zake. Kuhusu kuchelewa hakusema hata neno moja. Nilimkasirikia mpaka masikio yakawaka moto.

"Sasa baba yako ameomba msamaha ama hajaomba?" Madame akaniuliza.

Sikujua. Sikuwahi kumsikia baba akimwomba mtu msamaha, wala sikuwahi kumwona akimbebea mtu kibuyu mpaka kazini kwake.

"Nafikiri ameomba," nikasema, "lakini sina hakika."

Madame akakichukua kile kibuyu, akaondoka nacho. Mimi nikabaki sijui kama nimehamishwa.

Jumatatu nilichelewa tena. Nilisimama mlangoni nikijua mambo yamekwisha, darasa zima likinitazama.

"Excusez-moi, madame, je suis..."

Akainua mkono kunikatiza. Akaja mpaka mlangoni, akanipa mkono.

"Bonjour," akanisalimia, kisha kwa Kiswahili, "Ndama anaendeleaje? Nijibu kwa Kifaransa."

Mihula miwili nilikuwa nimejifunza kuomba radhi tu. Sikuwa na Kifaransa cha ndama.

"Kaa," akasema Madame. "Tuanzie hapo."