Hatua za Maman Nsimire

"Maman Nsimire, unakunywaka kasiksi tangu asubui?"

Jirani yake Georgette alimuuliza hivyo mbele ya wamama wa rozari, wakacheka, wakamufukuza mu kikundi. Nsimire hajaonja hiyo pombe ya ndizi. Ni maji ilijaa mu kichwa: miguu inanata chini, mukojo unamuponyoka. Anasahau majina ya wajukuu, lakini ile neno hakusahau.

Juzi munganga alimutembeza, akamutoa kidogo ya ile maji kupitia mu mugongo, akamutembeza tena. Miguu ikipona kisha pale, alisema, mupira mwembamba wa kuwekwa ndani ya mwili, wa kupunguza maji ya kichwa, utamufaa.

Mulango mpaka dirisha, hatua fupi makumi ine za mwanzo zikawa ndefu kumi na nane kisha ya kutolewa maji. Mimi niliyemusindikiza kwa munganga, nikamwambia asamehe Georgette, Mungu amemuona. Yeye akamugeukia munganga:

"Docta, muniwekee mupira mbele ya Pasaka. Nataka nipande kilima ya Kadutu mpaka kwa rozari kwa miguu yangu, Georgette ashikwe na haya mbele ya wote."