Bibi Harusi wa Kwenye Nguzo

Kabla sijaeleza nilivyomkosesha mwenzangu kazi, nieleze kwanza nilivyokuwa shabiki, maana mambo hayo mawili hayatengani.

Yeye alikuwa binti wa Nakuru, mlinzi katika kampuni moja ya ulinzi. Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu ilikuwa kukunja mashuka kwenye dobi ya hoteli. Tulijuana kwenye foleni ya vipimo vya afya wiki ile ile tulipoingia Doha, tukazoeana, na tangu hapo kila Ijumaa alikuwa anatoka kwenye nyumba ya kampuni yao kule Wakra anakuja kula kwangu, mtaa wa Bin Mahmoud, kwenye chumba nilichochangia na wanawake wengine watano. Aliniita dada kwa sababu nilimzidi miaka kumi.

Siku moja akaniandikia ujumbe: "Nimehamishwa. Sasa niko studio ya pole."

Nikamjibu haraka: "Pole ya nini tena? Nani kafariki?"

Akacheka hadi akashindwa kuandika, akanipigia. "Si pole ya matanga, dada. Ni ile ya chuma. Ni wanawake wanapanda juu ya nguzo wanadansi."

Nikasema astaghafirullah, kisha nikamuuliza wanapanda siku gani.

Ilikuwa nyumba ya kawaida huko Rayyan, yenye ukuta mrefu na mapazia mazito, na mwanaume hakanyagi. Yeye alikaa mlangoni na sare yake, anapokea simu za wageni na kuzitia kwenye vifuko vyenye namba, kama inavyofanywa kwenye harusi za wenyeji. Abaya zilitundikwa ukutani. Ukishapita hapo unakuta nguzo mbili za chuma zinazong'aa kutoka sakafuni hadi darini, magodoro chini yake, na viti vya plastiki. Mwenye studio, ambaye sote tulimwita Madam, alifundisha mwenyewe, na mara chache kwa mwaka aliandaa maonyesho, kila moja na mada yake. La kwanza kuliona mimi lilikuwa la mvua. Mama mmoja mnene, mhasibu, alipanda na mwavuli, akaufungua akiwa kichwa chini miguu juu. Nilipiga vigelegele mpaka watu wakageuka kunitazama.

Tangu siku hiyo nikawa wao. Shabiki wa mpira huvaa jezi na kutukana refa, na mimi nilikuwa na kiti changu cha mbele na koo langu. Nilijua nani anaogopa kugeuka, nani goti lake bovu. Mitindo tuliipa majina yetu wenyewe, na nilioupenda kuliko yote tuliuita popo: mcheza ananing'inia kichwa chini, nguzo imebanwa nyuma ya goti, mikono ameiachia kabisa. Mimi kupanda sikujaribu hata siku moja, kwenye stuli tu huwa naita watu wanishike. Lakini kwa siku nzima ya kukunja mashuka hakuna aliyeniangalia usoni, na pale nilikaa nikaona wanawake wenye mapaja yaliyojaa alama za buluu wakipanda tena palepale walipoanguka wiki iliyopita. Nilifurahi. Sina neno jingine. Kwetu sikumwambia mtu.

Na nilijua sheria. Nguzo haishikwi kwa nguo, inashikwa kwa ngozi, ndiyo maana wanavaa vile. Kwa hiyo anayecheza hapaki mafuta siku hiyo, wala losheni, maana akiteleza ataumia, na mafuta yakibaki kwenye chuma atakayemfuata ataumia zaidi. Niliijua sheria hiyo kiasi cha kumgombeza mgeni mmoja aliyeingia mazoezini ananukia krimu.

Mwenzangu alianza kujifunza kwa kuangalia. Zamu yake ikiisha anajaribu. Madam alimkuta siku moja yuko nusu ya nguzo na soksi za kazini, na badala ya kumfukuza akamrekebisha mkono. Ilichukua karibu miaka miwili. Mkataba wake na kampuni ulipobakiza miezi mitatu, na wamemwambia wazi hawataongeza, Madam akamwita. Alimwambia acheze kwenye maonyesho yajayo mbele ya wanafunzi wote. Akifanya vizuri, atamchukua awafundishe wanaoanza, na ataiomba kampuni ile barua ya kumruhusu kuhama mwajiri. Bila barua hiyo, ni kurudi Kenya. Na Nakuru kulikuwa na mama yake na mtoto wake wa miaka sita, na mshahara wa Doha ndio uliokuwa unawasha jiko.

Mada ilikuwa harusi.

Nani angenizuia? Nilimwambia atakuwa bibi harusi wa pwani, na mimi ndiye somo wake, kungwi wa kumwandaa. Nilikata kanga yangu nzuri, nikashona kivazi kifupi chenye mistari ya dhahabu. Wiki nzima nikamchunga kama mwari. Nilimkataza hata sabuni yenye krimu. Ijumaa yenyewe nikamfukiza udi, basi. Mafuta hata tone sikumpaka.

Nilijipaka mimi. Nilikuwa naenda harusini, jamani. Nilijisugua singo, ule msuguo wa manukato wa maharusi, nikajimwagia mafuta ya asumini kwenye nywele, nikazifunga.

Tulifika baada ya Alasiri. Kiyoyozi kilikuwa kinapiga kama cha chumba cha maiti. Nyuma ya pazia nikamkuta amejikunyata kwenye benchi, anatetemeka.

"Dada, miguu imekuwa barafu. Haiwezi shika."

Na hilo pia nilikuwa nalijua, kwamba ngozi ya baridi huteleza. Nikaziweka sawa nywele zangu zilizokuwa zinachomoka, nikapiga magoti mbele yake, nikamsugua miguu. Vifundo, vigimbi, nyuma ya magoti, nikisoma dua niliyosomewa na mama siku ya ndoa yangu. Nilimsugua mpaka ikapata joto. Yeye akajifuta viganja kwa spiriti, akanikumbatia, akatoka.

Alipanda vizuri. Nawaapia, sijamwona mtu akipanda vile. Alizunguka mara mbili, kile kivazi cha kanga kikimetameta, akapinduka, akabana goti, akaachia mikono. Popo. Nikasimama, nikapiga kigelegele.

Kabla sijakimaliza goti likaachia. Alidaka nguzo kwa mkono mmoja, ukateleza, akashuka na bega likapiga godoro. Ukumbi mzima ukasema "Aaa!" Muziki uliendelea. Akainuka, akamalizia kwa kucheza chini, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Watu wakampigia makofi ya huruma, na makofi hayo unayajua ukiyasikia.

Madam alimfuata kando. Nilimwona akiinama, akimpitisha kidole nyuma ya goti, kisha akisugua kidole hicho na gumba lake. Alimuuliza kitu. Mwenzangu akatikisa kichwa. Akaulizwa tena, akatikisa kichwa na kuinua mkono juu.

Nikaitazama mikono yangu. Nikainusa.

Zilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti changu hadi walipokuwa. Mimi niliyekuwa nikiwapasua watu masikio kwa vigelegele nilikosa sauti ya sentensi moja. Nilijiambia Kiingereza changu kibovu, nitavuruga. Nilijiambia nitasema kesho, watu wakipungua. Ukweli niliujua wakati ule ule: niliogopa atanichukia, na niliogopa Madam atanifungia mlango. Nilikaa nikaangalia waliobaki. Nguzo ilifutwa kwa muda mrefu kabla ya mwingine kupanda.

Kwenye teksi nilimuuliza Madam amesema nini.

"Amesema tutaongea," akajibu, na baadaye kidogo, "Miguu imenisaliti, dada."

Wiki mbili baadaye Madam akamwajiri msichana mwingine. Kampuni nayo ikamtoa mwenzangu pale mlangoni, ikampeleka kulinda maegesho ya magari amalizie siku zake. Ijumaa aliendelea kuja kwangu. Kabla ya kula alikuwa anachuchumaa na kuinuka, mara mia, eti aimarishe miguu, huenda kwao Kenya akapata studio. Mimi nilikaa kitandani nikimhesabia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na aliyekosa ni mwingine. Kila Ijumaa nilijiambia ni leo, na kila Ijumaa nikampakulia wali.

Nilisema siku moja kabla ya safari yake. Nilikwenda Wakra kumsaidia kufunga mizigo. Tulikuwa tumeshika shuka, yeye ncha huku, mimi ncha kule, nikamwambia yote: nywele, asumini, mikono.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kumbe sikuwa mwongo," akasema.

Sikumwelewa.

"Madam hakuniacha juu ya kuanguka. Aliniambia kila mtu huanguka. Aliskia mafuta kwa mguu, akaniuliza kama nimejipaka. Nikamwapia, haki ya mamangu, sijapaka. Akasema kama ningekubali makosa angenipa nafasi ingine. Lakini mtu anaficha mafuta na anaapa na mamake, huyo hawezi fundisha watu, siku moja atavunja mtu shingo." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nimekuwa nikijiuliza kama nilipaka nikasahau, dada. Usiku naamka nanusa magoti. Nilidhani kichwa yangu imeanza kuharibika."

Nilimwambia tuchukue teksi sasa hivi, nikamweleze Madam, nimpigie magoti. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba kazi ina mwenyewe tayari, na ndege ni ya asubuhi.

Kisha akaniuliza, "Ulijua lini?"

Ningeweza kumwambia ni juzi, nilipokuwa nikifikiri. Angeniamini, alikuwa mtu wa kuamini.

"Siku ile ile," nikasema. "Ulipoinua mkono."

Aliichukua ncha ya shuka iliyokuwa mikononi mwangu, akaikunja peke yake, mara mbili, mara nne, vibaya. Akaniomba nitoke nje, atamalizia mwenyewe.