Kengele Iliyonyamaza Thika

Programu yetu ilikuwa na kazi moja: kusoma presha ya mvuke katika pipa la chuma lililotumika kupikia makopo ya mananasi, kwenye kiwanda kimoja cha Thika, na kupiga kengele presha ikivuka kikomo. Kengele ikilia mbele ya mhadhiri aliyetusimamia, mimi na mwenzangu tungepita shahada ya pili. Isipolia, tungerudia.

Sehemu ya kikomo aliiandika mhadhiri mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta ya C++, na kikomo akakifanya cha faragha: msimbo wetu, uliokuwa nje, haungeweza kukigusa ila kwa kupitia amri moja aliyoiacha wazi. Nilikuwa nimeisoma amri hiyo chumbani kwangu Ruiru, mstari kwa mstari.

Asubuhi ile, kabla mhadhiri hajafika, fundi wa mvuke alituambia pipa limezeeka, kikomo kishushwe. Tuliipa amri namba mpya, ikaikataa.

"Wacha niingie kwa dirisha," mwenzangu akasema. Juu ya msimbo wetu akaongeza mstari ulioilazimisha kompyuta kusoma kila neno la faragha kama la umma, kisha akakibadilisha kikomo moja kwa moja.

"Lakini ile amri..."

"Wewe nawe! Ukianza kufikiri, hata chai hupoa."

Mhadhiri alipofika, fundi alifungulia mvuke. Sindano ya kipimo cha presha ikapanda kuelekea alama ya kikomo kipya, aliyoichora fundi kwa rangi ya kucha ya mkewe. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichokuwa kikinisumbua: ile amri haikuhifadhi namba tu, iliipelekea kengele pia. Sisi tulikuwa tumebadilisha namba, na kengele haikuwa na habari.

Sindano ikaifikia alama. Ikaipita. Kimya.

Je, kama nimekosea? Nikisimamisha bure, nimetuangusha wote wawili. Nikinyamaza, fundi amesimama kando ya pipa.

"Funga mvuke, mzee! Funga!"

Akazungusha vali kwa mikono miwili.

"Mbona umesimamisha?" mhadhiri akauliza. "Kengele haijalia."

"Ndiyo sababu, Daktari."

Aliketi kwenye kompyuta, akasoma mistari ya juu ya msimbo wetu. "Nani ameingia humu ndani?"

"Mimi, Daktari," mwenzangu akajibu. "Namba ilikataliwa."

"Ngai!" fundi akasema. "Na mimi nimesimama hapa nikingoja ilie."

Mhadhiri aliufuta ule mstari. "Ilikataliwa kwa sababu mimi niliweka kiwango cha chini kinachokubaliwa juu mno. Ni simu moja tu mngenipigia." Akarekebisha faili lake, akaiingiza namba mpya kwa kupitia amri, akaomba mvuke ufunguliwe tena.

Safari hii kengele ililia pale pale kwenye rangi ya kucha. Mwenzangu akanipiga begani, "Tumepita!"

"Hamjapita," mhadhiri akasema. "Kilichopita ni kilichoandikwa nami. Mtarudi na chenu."